Visanduku 204 Vyeupe: Hesabu ya Bendera ya Uswisi

Chukua daftari la hesabu, lile la visanduku vidogo. Hesabu visanduku 32 kwenda kulia na 32 kwenda chini, kisha vizungushie mstari. Umepata mraba wa visanduku 1,024. Acha visanduku 6 kila upande, na katika nafasi iliyobaki chora msalaba: kitovu cha 6 kwa 6, na mikono minne yenye upana wa visanduku 6 na urefu wa visanduku 7. Msalaba uache mweupe, kilichobaki kipake rangi nyekundu. Hiyo ndiyo bendera ya Uswisi, na umeichora sawasawa na vipimo vya sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017.

Hesabu sasa visanduku vyeupe. Kitovu kina 36, na kila mkono una 42. Jumla ni 204. Gawanya kwa 1,024: asilimia 19.9. Yaani weupe wote wa bendera hii, ule ambao mtu akiuona kwenye saa, kisu au boksi la chokoleti hahitaji kuambiwa vimetoka wapi, unachukua sehemu moja tu ya tano ya kitambaa. Moja ya tano hiyo iweke kiporo. Tutaipasha moto tutakapofika kwenye bei.

Kinachonivutia katika vipimo hivi ni jinsi vilivyochelewa. Msalaba mweupe ulishashonwa kwenye nguo za askari mwaka 1339. Uwiano wa mikono yake ulipitishwa mwaka 1889, miaka 550 baadaye. Ukubwa wake ndani ya uwanja mwekundu, na wekundu wenyewe ni wekundu gani, vikangoja tena miaka 128. Mataifa mengi hupima bendera zao wakati wa kuzaliwa, kwenye pilikapilika za uhuru au mapinduzi. Waswisi walikaa na yao karne baada ya karne wakiijua kwa macho tu. Walipoamua kuipima mpaka kisanduku cha mwisho, ilikuwa ni kwa sababu kulikuwa na fedha mezani.

Tuanze na uzi na sindano. Juni 1339, mji wa Bern ulipigana na mji wa Fribourg pamoja na mabwana waliouunga mkono, mahali paitwapo Laupen. Watu wa Bern walikuwa wamepata msaada kutoka jamii za milimani. Hakukuwa na sare za jeshi siku hizo. Kila mtu alikuja na nguo zake na mkuki wake, na vumbi likishatimka huwezi kumtambua ndugu wala adui. Mwandishi wa tarehe za Bern anasimulia kwamba watu wa upande huo walijitia alama ya msalaba mweupe. Ni vipande viwili vya kitambaa vilivyopishana. Kama kuna alama ya taifa iliyoanza kwa gharama ndogo kuliko hiyo, mimi siijui.

Wekundu huhusishwa na Schwyz, mojawapo ya jamii tatu zilizofungamana mwaka 1291, ambayo ndiyo iliyoipa nchi nzima jina lake. Lakini kwa miaka mingi hapakuwa na bendera ya pamoja. Kila jimbo, au kantoni kama wanavyoyaita wenyewe, lilikuwa na yake. Majeshi ya Ufaransa yalipoingia mwaka 1798, Waswisi waliundiwa jamhuri mpya na bendera ya mistari mitatu: kijani, nyekundu na njano. Ilidumu miaka mitano. Jamhuri ilipoanguka mwaka 1803 bendera nayo ikaenda zake, na sijasikia mtu akiililia.

Aliyewapa Waswisi bendera moja alikuwa mhandisi na mchora ramani wa Geneva, Guillaume-Henri Dufour. Hoja yake ilikuwa ya kijeshi: majimbo 22, kila moja likileta kikosi chini ya bendera yake, ni vurugu iliyopangwa. Mwaka 1840 baraza la majimbo lilikubali vikosi vyote vibebe bendera nyekundu yenye msalaba mweupe. Miaka saba baadaye ikapatikana nafasi ya kuijaribu, tena kwa namna ambayo hakuna mtu angeitamani. Majimbo saba ya Kikatoliki yalijitenga, na Novemba 1847 Dufour, sasa akiwa jenerali, aliongoza jeshi la shirikisho la watu karibu 100,000 dhidi yao. Vita vilianza tarehe 3 na kumalizika tarehe 29 mwezi huohuo. Waliokufa ni kama 100. Kwa jeshi la ukubwa huo ni hesabu ndogo mno, na Dufour alikuwa ameitafuta kwa makusudi: aliwaagiza askari wake wawahurumie majeruhi na mateka. Mwaka uliofuata, 1848, nchi ikapata katiba ya shirikisho, na msalaba wa jeshi ukawa msalaba wa wote.

Hapo ndipo ugomvi wa vipimo ulipoanza. Msalaba upi? Kwenye mihuri na sarafu ulikuwepo msalaba wa miraba mitano iliyo sawa: mmoja katikati, mmoja kila upande. Wengine walichora mikono mirefu zaidi. Katika miaka ya 1880 watu wazima wenye kazi zao walibishana juu ya jambo hili hadharani, mpaka bunge likatoa azimio tarehe 12 Desemba 1889: mikono iwe sawa, na kila mmoja urefu wake uzidi upana kwa moja ya sita. Ndiyo ile 7 kwa 6.

Turudi daftarini tuone walichokuwa wakigombania. Msalaba wa miraba mitano yenye upana wa 6 una visanduku 180. Wa mwaka 1889 una 204. Tofauti ni visanduku 24, nyongeza ya asilimia 13. Ukiichora yote miwili kando kwa kando utaona kwamba nyongeza hiyo si ya bure. Ule wa miraba mitano ni kibonge, umejikunyata. Huu mwingine umenyoosha mikono kidogo tu, kama mtu aliyetoka kuamka. Nikiri kwamba mimi pia ningeupigia kura.

Ila azimio lile lilihusu nembo, na lilinyamaza juu ya mambo mawili makubwa. Halikusema msalaba uchukue sehemu gani ya uwanja, wala halikutaja aina ya nyekundu. Fundi mmoja aliweza kushona msalaba mdogo katikati ya bahari ya wekundu, mwenzake akashona mkubwa unaokaribia kugusa kingo. Mmoja akatumia nyekundu ya damu ya mzee, mwingine nyekundu ya pilipili. Wote wawili walikuwa ndani ya sheria.

Kabla hatujafika kwenye bei kuna ndugu mmoja wa bendera hii ambaye ni maarufu kuliko yenyewe. Mwaka 1863 watu watano wa Geneva waliunda kamati ya kuwasaidia majeruhi wa vita. Mmoja wao alikuwa Henry Dunant. Mwingine ni Dufour yuleyule. Mwaka huo ikachaguliwa alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe, na tarehe 22 Agosti 1864 mataifa 12 yakatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Mkataba wa mwaka 1906 ulieleza waziwazi kwamba alama hiyo imepatikana kwa kugeuza rangi za shirikisho la Uswisi, kwa heshima ya nchi hiyo.

Kwa hesabu, kugeuza rangi ni kubadilisha 204 na 820. Lakini hapa vipimo vinakwenda njia tofauti kabisa. Msalaba Mwekundu haukuwekewa vipimo katika mikataba, na uliachwa hivyo kwa kukusudia. Walioiandika mikataba hiyo waliona hatari ya vipimo: ukisema mkono uwe na urefu huu na upana huu, atatokea mtu aipige hospitali kwa mizinga halafu ajitetee kwamba msalaba wa juu ya paa ulikuwa umepungua nusu inchi. Basi muuguzi anaweza kuuchora kwa kidole na rangi ya mdomo juu ya shuka na bado ukamlinda. Msalaba wa Uswisi unabanwa kwa sehemu za thelathini na mbili; mtoto wake, ambaye uhai wa watu unamtegemea, hana rula.

Afrika Mashariki alama hii ina sheria zake. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1962, cha Kenya mwaka 1965. Hata hivyo mafundi wa mabango mitaani bado huuchora kwenye maduka ya dawa kama vile ni alama ya tiba kwa ujumla. Siyo. Kifungu cha 53 cha Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kinakataza biashara kuutumia, na wengi hawajui kwamba kifungu hichohicho kinakataza pia kuifanya nembo ya Uswisi kuwa alama ya biashara, kwa kuwa macho yanaweza kuzichanganya. Mwenye duka anayejiona mjanja kwa kugeuza rangi, akaweka msalaba mweupe juu ya nyekundu, ameruka mkojo akakanyaga mavi.

Umbo la mraba nalo lina gharama zake, za aibu zaidi kuliko za fedha. Kati ya mataifa huru, ni Uswisi na Vatican tu zenye bendera ya mraba. Waswisi walipopiga kura tarehe 3 Machi 2002 kujiunga na Umoja wa Mataifa, asilimia 54.6 walikubali, na upande wa majimbo ulishinda kwa 12 dhidi ya 11, chupuchupu. Tarehe 10 Septemba wakapokelewa, mwanachama wa 190. Tatizo likawa mlingoti. Bendera za pale New York hupangwa zikiwa na ukubwa unaolingana, na nyingi ni mistatili. Suluhisho lilikuwa la eneo: mraba ubaki mraba, mradi eneo lake lisizidi la bendera ya Umoja wa Mataifa. Kwa mfano, bendera ya mita 2 kwa 3 ina mita za mraba 6, na mraba wenye eneo hilo una upande wa mita 2.45. Unapungua kwa upana, unazidi kwa urefu. Ukipita pale utaiona imesimama kifua mbele kati ya wenzake waliolala ubavu.

Baharini wameshindwa kabisa kuutetea mraba. Ndiyo, Uswisi ina bendera ya bahari, ingawa haina hata hatua moja ya pwani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi ilizungukwa, chakula na malighafi vikawa vinategemea meli za watu wengine, na tarehe 9 Aprili 1941 serikali ikatoa amri ya kuanzisha usajili wa meli zake, bandari ya nyumbani ikiwa Basel, mji ulioko kando ya mto Rhine. Bendera ya meli hizo ni ya 2 kwa 3. Msalaba ukibaki na ukubwa uleule kwa urefu wa bendera, weupe unashuka kutoka asilimia 19.9 hadi 13.3.

Hapa ndipo bendera ilipodai malipo ya kweli. Baada ya vita, ili meli zenye msalaba huo zisipotee na nchi isije ikakwama tena, serikali iliwadhamini wenye meli kwenye mikopo ya benki. Kwa miongo kadhaa dhamana hiyo haikuuma. Kisha biashara ya usafirishaji majini ikaporomoka, kampuni zikashindwa kulipa, na mwaka 2017 bunge likaidhinisha faranga milioni 215 kuziba pengo. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 8.4. Gawanya: faranga 25 na ushei kwa kila kichwa, pamoja na vya watoto wachanga, kwa meli ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona.

Mwaka huohuo wa 2017, nchi kavu, msalaba ulikuwa unaelekea upande wa pili wa daftari, ule wa mapato.

Waswahili husema chema chajiuza. Waswisi hawakutaka kukiachia chema peke yake kazi hiyo. Sheria yao ya mwaka 1931 ilikataza kubandika msalaba wa taifa kwenye bidhaa, lakini watu walikuwa wakiubandika tu: kwenye fulana, kwenye chokoleti, kwenye vitu vilivyotengenezwa mbali na milima ya Alps. Tafiti zinazonukuliwa na taasisi ya serikali ya miliki bunifu iliyoko Bern zinakadiria kwamba asili ya Uswisi inaweza kuchangia hadi asilimia 20 ya bei ya baadhi ya vyakula na bidhaa za shamba, na hadi asilimia 50 kwa bidhaa za anasa. Ipashe sasa ile moja ya tano: katika jibini ya faranga 10, hadi faranga 2 zinaweza kuwa za msalaba, sehemu ileile msalaba unayoichukua kwenye kitambaa. Ni bahati tu, hakuna fundi aliyepanga hivyo, ila mimi nimeipenda.

Penye senti nyingi namna hiyo, lazima ajulikane ni nani mwenye haki ya kuzichukua. Juni 2013 bunge lilipitisha sheria mpya, na ndizo zilizoanza kufanya kazi Januari 2017. Upande mmoja zilimaliza biashara ya uchoraji: bendera ni mraba, msalaba unachukua sehemu 5 kwa 8 za upande wake, na nyekundu ina namba maalumu za wachapaji. Upande wa pili zilifungua mlango: bidhaa yoyote inaweza kubeba msalaba bila kuomba kibali na bila kulipa ada. Bei ya kuutumia ni sifuri. Lakini ukifika mahakamani, wewe mtumiaji ndiye unayeweza kutakiwa kuthibitisha kwamba unastahili. Ngao, yaani msalaba uliowekwa ndani ya umbo la kigao, imebaki mali ya serikali, isipokuwa kwa wachache walioitumia mfululizo kwa angalau miaka 30 na wakaruhusiwa kuendelea.

Kustahili nako ni hesabu. Maziwa na vitokanavyo na maziwa: maziwa yawe ya Uswisi asilimia 100. Vyakula vingine: angalau asilimia 80 ya uzito wa malighafi itoke nchini, na hatua ya usindikaji inayokipa chakula sifa yake ifanyike hukohuko. Mimea isiyoota Uswisi haihesabiwi, na hapo ndipo chokoleti inapopumua, kwa sababu kakao na theluji havijawahi kuelewana. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, biskuti ya gramu 100 ina gramu 20 za kakao. Kakao inatolewa, zinabaki gramu 80. Asilimia 80 yake ni gramu 64. Kama malighafi zote zilizobaki zinahesabiwa kamili, gramu 64 zikiwa za Uswisi biskuti inavaa msalaba. Zikiwa 63, haivai.

Bidhaa za viwandani zina kanuni ya fedha badala ya mizani: angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji itumike Uswisi, utafiti ukiwemo. Matangazo na ufungashaji havimo. Chukua saa ambayo kuitengeneza kunagharimu faranga 200. Faranga 120 lazima ziwe za Uswisi. 80 zinaweza kwenda popote duniani. Dukani saa hiyo huenda ikauzwa 1,000. Utaona basi kwamba mtengenezaji anapigania zile 80 kwa jasho, kwa kuwa akizitumia vizuri zinampunguzia gharama na msalaba unabaki palepale kwenye uso wa saa. Saa zina masharti ya ziada: mashine ya ndani iwe ya Uswisi, ifungwe kwenye kasha huko, na ukaguzi wa mwisho ufanyike huko. Hata hivyo bado ni asilimia 60. Wanaosema kiwango hiki ni kidogo mno kwa saa ya bei mbaya wana hoja, na ningekuwa mnunuzi ningeuliza zile 40 zimelala wapi.

Kanuni hizi zina meno. Toblerone, chokoleti ya pembetatu iliyozaliwa Bern mwaka 1908, ilikuwa na picha ya mlima Matterhorn, mita 4,478, kwenye boksi lake. Mwenye kampuni alipoamua kuhamishia sehemu ya uzalishaji Bratislava, Slovakia, mwaka 2023 mlima wenyewe ukalazimika kuondoka, maana kilele hicho nacho huhesabiwa kuwa ishara ya Uswisi kama ulivyo msalaba. Badala yake ukawekwa mlima wa kuchorwa usio na jina, na maneno yakabadilika: zamani boksi lilijitambulisha kuwa la Uswisi, sasa linasema ilianzishwa Uswisi. Kitenzi kimoja kimefanya kazi ya wanasheria wengi.

Kuna bendera moja isiyouza kitu. Kwa miaka kadhaa, kuelekea sikukuu ya taifa ya tarehe 1 Agosti, ambayo ilipata hadhi ya siku ya mapumziko mwaka 1994 baada ya kura ya mwaka uliotangulia, bendera kubwa imekuwa ikitandazwa kwenye uso wa mwamba wa mlima Säntis wenye kimo cha mita 2,502. Ni mita 80 kwa 80. Hiyo ni mita za mraba 6,400, pungufu kidogo ya uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68. Msalaba peke yake una mita za mraba 1,275. Uzito wa nguo yote ni kama kilo 700, na ukigawa unapata gramu 109 kwa mita ya mraba, wepesi wa shati la kuvalia ofisini.

Sasa weka upepo. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukikipiga kitu uso kwa uso husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 6,400: zaidi ya tani 100 zinasukuma nguo ya kilo 700. Mwamba huibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo bendera ikiwa imelala juu yake, lakini upepo ukishaingia nyuma ya kitambaa, mwamba hausaidii tena.

Tarehe 31 Julai 2024 uliingia. Bendera ilikuwa ndiyo kwanza imetandazwa ilipochanika, mkesha wa sikukuu, mbele ya watu waliopanda kuja kuitazama.